Siku Tuliyomngoja Usoma

Debe lililokuwa chini ya kitanda cha Dani liliandikwa unga, lakini ndani yake mlikuwa na pesa za ng'ombe watatu waliouzwa Asembo, zimefungwa kwa leso yangu kuukuu. Nyumba nzima ilijua pesa zile ni za nani. Kitinda mimba wetu alikuwa amepata B ya juu katika mtihani wa kidato cha nne, matokeo yalipotoka Januari 2024, na tangu ana miaka sita alikuwa na ombi moja tu: kuwa rubani.

Tunaishi Otonglo, na ndege zinazotua Kisumu tunazisikia kabla hatujaziona. Kila Jumapili baba yake alikuwa akimchukua kununua samaki Usoma, ufuo wa wavuvi uliopakana na uwanja wa ndege. Pale ngege na mbuta hupimwa kwenye mizani huku ndege ikishuka kutoka upande wa ziwa. Wavuvi hawainui tena macho. Mwanangu aliyainua kila mara.

Dani, mama mkwe wangu, huniita nyar Mombasa, binti wa Mombasa, hata baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa. Yeye hakushangazwa na ombi la mjukuu wake. Baba yake Dani alikuwa mpagazi gatini Kisumu, na alimsimulia jinsi Imperial Airways ilivyoanza kuleta ndege za majini mwaka 1931, ndege zilizokaa juu ya Nam Lolwe, ziwa letu, kama bata, zikashusha Wazungu na magunia ya barua. Kwa Dani, ndege ni chombo. Kina nahodha, kina tajiri, na kina siku ambazo hakifai kutoka. Aliyasema hayo siku ya kwanza, sote tukaitikia kwa heshima, tukaendelea na mambo yetu.

Kosa lilitendeka Februari. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliona tangazo la chuo kimoja cha urubani kilichoko Nairobi: ada imepunguzwa, mwisho Ijumaa, kazi ni karibu uhakika. Akatoa shilingi 180,000 kwenye debe, akazituma kwa simu ili kushikilia nafasi, kisha akaniambia usiku, taa ikiwa imezimwa. Sikumjibu. Mimi nauza leso na vitenge Jubilee Market. Sinunui robota kabla sijaikata kamba nikapapasa nguo za katikati, kwa sababu za juu huwekwa nzuri makusudi. Na hapa ilikuwa robota la zaidi ya milioni mbili na nusu, limenunuliwa kwa kutazama picha. Siku tisa tulizungumza kupitia kwa mtoto: mwambie baba yako chai iko tayari, mwambie mama nimekwisha kunywa.

Tuliafikiana jambo moja tu, kwamba tukakione chuo chenyewe. Tukakata tiketi za basi la usiku la Jumanne, tarehe 5 Machi. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nakanda unga wa chapati za safari, redio ikasema ndege mbili zimegongana angani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Moja ilikuwa Dash 8 iliyotoka uwanja wa Wilson kuelekea Diani na watu 44. Ilirudi ikatua salama. Ya pili ilikuwa Cessna 172 ya mafunzo. Mwalimu na mwanafunzi wake walikufa.

Mwanangu alikuwa anapiga pasi. Aliiweka wima, akaichomoa kwenye umeme, akasimama pale. Baba yake alisema tiketi zirudishwe, na neno urubani lisitajwe tena nyumbani mwake. Mtoto hakulia. Aliingia chumbani, na jioni akatoka na karatasi ya maswali. Ndege za mafunzo hufanyia mazoezi wapi, na za abiria hupita wapi, kwa kimo gani? Mwanafunzi anayeanza husikiaje sauti ya mnara wa kuongoza ndege wakati mwalimu naye anamfundisha? Asipoelewa alichoambiwa, husema nini? Baba yake aliisoma karatasi mara mbili. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu hata akiwa na huzuni, alichukua kalamu akasahihisha alama ya kuuliza, akairudisha. Tulisafiri wiki iliyofuata.

Chuo tulichokilipia kilikuwa na zulia jipya na picha za Boeing ukutani. Niliomba kuiona ndege. Tukapelekwa kwenye banda, tukaonyeshwa moja isiyokuwa na pangaboi. Inatengenezwa, tukaambiwa, na nyingine hukodishwa zikihitajika. Nikaomba kuona cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kilikuwepo, ndani ya fremu, na mimi ningeridhika na mhuri. Mwanangu ndiye aliyekisoma mpaka mwisho: kibali kilihusu masomo ya darasani tu. Hapakuwa na idhini ya kumfundisha mtu kuruka. Mume wangu alikaa kitako kwenye kiti cha mapokezi, akavua miwani. Safari ya kudai pesa ilianza hapo, ikachukua miezi mitano na simu nisizoweza kuzihesabu, na tulirudishiwa nusu.

Nataka wazazi wenzangu wa huku ziwani walijue hilo la cheti, maana watoto wetu wanaotaka kazi hii ni wengi na wanaouza ndoto wanajua. Mamlaka haiidhinishi jina la chuo tu. Inaidhinisha na kozi, moja baada ya nyingine. Mtu aulize kwa Mamlaka yenyewe kabla ya kutuma hata shilingi. Na kabla ya hilo, mtoto apimwe afya na daktari aliyeteuliwa na Mamlaka, kwa daraja la kwanza, lile la marubani wa biashara. Macho yasiyotofautisha rangi yanaweza kuifunga safari yote, na ni heri kulijua hilo kwa gharama ya vipimo kuliko kwa gharama ya ng'ombe.

Chuo cha pili kilikuwa Wilson, katika jengo la zamani lenye sakafu ya saruji. Uwanja ule una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la ndege pale Nairobi mwaka 1929, na mwalimu mkuu tuliyemkuta naye alikuwa mwanamke, kimya, mwenye kalamu sikioni. Hakutuambia habari za kazi. Alituita kwenye Cessna, akachukua kikombe kidogo cha plastiki, akakinga mafuta kutoka chini ya bawa, akakiinua kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa ya buluu. Maji yakiingia, alisema, hutuama chini, na utayaona yamejitenga. Hufanywa hivyo kila asubuhi na kila baada ya kujaza. Nimewahi kuuziwa mafuta ya taa yenye maji pale Kibuye. Najua utambi unavyokufa. Nilimtazama yule mama nikahisi naongea na mtu wa jikoni mwangu.

Alitufungulia madaftari. Injini hukaguliwa kila saa 50 za kuruka, na ukaguzi mkubwa zaidi kila saa 100, kwa saini ya fundi mwenye leseni. Alieleza kwamba Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,700, hewa ni nyembamba, na jua likikolea ndege hupanda kwa shida. Mwanafunzi lazima apige hesabu ya uzito kabla hajaketi. Nikamuuliza ana ndege ngapi na wanafunzi wangapi. Alinipa hesabu zote mbili. Swali hilo ni la usalama na la pesa pia, kwa sababu mwanafunzi anayengoja wiki tatu kupata ndege husahau mkono wake, na saa anayorudia huilipia upya.

Kazi tulijiulizia wenyewe. Leseni ya kurusha ndege binafsi inataka angalau saa 40. Ya biashara, kwa kawaida, saa 200, au 150 kwa kozi nzima iliyoidhinishwa. Ya daraja la juu, ile ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, inataka 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna jangwa. Kijana mmoja wa Migosi yumo humo. Ana leseni safi, na mwaka wa pili sasa anauza simu. Kila mwaka hulipia vipimo vya afya na saa chache za kuruka ili leseni isilale. Alituambia ukweli bila uchungu. Wenye bahati huanza kwa kufundisha, au kwenye Cessna Caravan: watalii kwenda Mara, mizigo kwenda Lodwar na Wajir, miraa kwenda Somalia. Na kazi yenyewe huweza kusimama siku moja, kama Machi 2020, ndege za abiria za ndani ya nchi zilipozuiwa mpaka katikati ya Julai. Lakini pia alitaja jina la Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza wa kike wa Kenya Airways, aliyekuja kuwa nahodha wa Dreamliner, na nilimwona mwanangu akikaa wima.

Tuliporudi hatukuwa na uamuzi. Chuo cha pili kilikuwa ghali zaidi, na debe limepungua. Kisha ikaja Aprili 18. Helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet, na Jenerali Francis Ogolla, mtoto wa Siaya, rubani wa ndege za kivita aliyepanda mpaka kuwa mkuu wa majeshi, akafa pamoja na wenzake tisa. Alizikwa Jumapili ile kwao Alego. Tulitazama mazishi sebuleni, jamaa wamejaa mpaka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumtazama mtoto.

Runinga ilipozimwa, Dani akaanza kusema. Kwa kawaida huzungumza Kijaluo akiwa kwake, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili, ili mimi nisikose hata neno. Alimsimulia mjukuu wake habari za baba yake mdogo aliyekufa ziwani, kidonda cha moyo wake. Walikuwa wajiandaa kwenda kuvua omena, Asembo, na upande wa Homa mbingu ilikuwa nyeusi. Vijana walitaka kubaki. Tajiri wa mashua akauliza: mafuta ya taa nimekwisha kununua, nani atayalipa? Wakatoka. Mashua ilionekana asubuhi, yeye baada ya siku tatu.

"Nyakwara, mjukuu wangu," akasema, "sitaki kujua ndege zao ni mpya au kuukuu. Waulize: wewe mtoto ukisema leo siendi, nani atalipa mafuta?"

Mume wangu alipiga simu Jumatatu, sauti ikiwa wazi ili Dani asikie. Mwalimu mkuu hakusita. Saa isiyorukwa hailipiwi. Mwanafunzi akikataa kwa sababu ya hali ya hewa, au kwa sababu hakulala vizuri, huandikwa daftarini kwamba amekataa, na mtu anayeandikwa hivyo mara kwa mara bila sababu huitwa wakazungumza. Lakini hakuna aliyewahi kutozwa. Akaongeza kwamba malipo ni kwa hatua, wala asingependa tulipe yote mara moja. Dani aliitikia kwa kichwa. Akainama mwenyewe, akalivuta debe.

Mengine yalipita kama mambo ya kila nyumba yenye mwanafunzi: mkopo wa sako, mnada wa kabati langu la vyombo, mchango wa chama changu cha akina mama. Mwanangu akiwa likizo alibandika ukurasa wa mambo ya kukagua juu ya jiko la gesi: mtungi, bomba, dirisha, kiberiti. Tulimzoea, na mpaka leo siwashi moto bila kuusoma.

Julai 2025, akiwa na leseni ya kwanza na akikusanya saa za ile ya biashara, alituambia siku ya safari yake ndefu peke yake: Nairobi, Eldoret, Kisumu, kisha kurudi. Angetua kwetu saa nne asubuhi. Matatu nzima ilikuja kutoka Asembo. Nilipika ngege wa nazi, wali, na chapati arobaini, tukapeleka masufuria Usoma. Dani tulimwekea kiti cha plastiki kinachotazama njia ya kutulia. Wavuvi wenyewe waliacha nyavu. Korongo wakubwa wenye mfuko shingoni walizunguka juu, na mume wangu aliwafukuza kwa kofia, kana kwamba wangemwelewa, asije mmoja akaingia njiani mwa mwanetu.

Saa nne ikafika. Saa nne na nusu. Mbingu ya ziwa ilikuwa safi, maji yametulia. Simu ikalia mkononi mwangu.

"Mama, niko Eldoret. Sitakuja."

"Mwalimu amekuzuia?"

"Sijampigia bado. Wingu limekalia milima ya Nandi, sioni upande wa pili. Nimekataa mwenyewe."

Nyuma yangu watu walikuwa wamenyamaza. Shemeji yangu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba hapa mbona kweupe, na watu wametoka mbali. Mume wangu aligeukia ziwa, na niliona mabega yake yakitetemeka. Dani alinyoosha mkono akaitaka simu. Aliisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kama anayeonekana kule aliko mjukuu wake, akasema maneno mawili matatu ya Kijaluo ambayo sikuyasikia, akanirudishia.

"Nyar Mombasa," akasema, "pakua."

Nilifunua masufuria. Tulikula pale pale juu ya nyasi, sisi na wavuvi, na mvua haikunyesha kutwa nzima. Dani alichagua kichwa cha samaki mkubwa kuliko wote, akakifunika kwa sahani, akasema hicho kisiguswe.