Nia Moja, Giza Moja

Mpwa wangu Idi alihamia kwetu Tabata na mabegi mawili, moja la nguo na jingine la nyaya. Alikuwa amemaliza chuo anasubiri kazi, na kama vijana wengi wa Dar es Salaam wanaosubiri kazi, tayari alikuwa na kampuni. Kampuni ilikuwa na mfanyakazi mmoja, kompyuta moja na kiti kimoja. Kiti chenyewe changu.

Kampuni ilikuwa inatengeneza programu ya simu iitwayo Nia. Kazi yake ni kumsaidia mtu ashike lengo lake asipepesuke: unaandika unachotaka kufanya, unapanga saa, na ile saa ikifika Nia inafunga vishawishi vyote vya simu mpaka umalize. Kilichokosekana ni watu wa kuijaribia. Jioni moja Idi akaacha kutafuna, akatuangalia sote tuliozunguka sinia kama fundi anavyouangalia ukuta usio na plasta.

"Mjomba, lengo lako wewe ni nini?"

Nikasema nataka kumaliza kuandika habari za ukoo wetu, kazi niliyoianza tangu binti yangu Salma yuko chekechea, na sasa Salma yuko kidato cha nne. Salma naye akasema hesabu, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Mama Salma, anayeuza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule, akasema lengo lake ni kununua friza jipya, kwa sababu hili la sasa linagandisha likijisikia. Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, akasema lengo lake ni kumaliza kula.

Idi alikuwa amesoma, hilo simnyimi. Alitueleza habari za Mtaliano Francesco Cirillo, ambaye miaka ya mwisho ya 1980, akiwa mwanafunzi, alishindwa kutuliza akili akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kuitega. Ukawa ndio utaratibu wake: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na mpaka leo unaitwa Pomodoro, yaani nyanya. Mama Salma akauliza kama huyo Mtaliano alikuwa anapika au anasoma. Idi akaendelea na Forest, programu iliyotoka Taiwan: ukianza kazi unapandiwa mti kwenye kioo, ukitoroka kwenda kuperuzi mti unakufa. Salma akauonea mti huruma. Kisha akaja na stickK, iliyoanzishwa na wachumi wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, ambako mtu anaweka ahadi na fedha juu yake, na akiivunja fedha zinakwenda.

"Hiyo si faini ya kikoba?" Mama Salma akauliza. "Sisi tunatozana kila Jumamosi na hakuna profesa."

Kilichompendeza Bibi ni utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London. Waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajizoeza jambo jipya, wakaona kwamba kwa wastani inachukua siku 66 jambo kuwa mazoea. Wengine siku 18 tu, na hesabu ya wazito wa mwisho ikafika siku 254. Bibi akanitazama, akarudia, "Mia mbili hamsini na nne," halafu akaomba maji ya kunawa.

Basi tukawekewa Nia kwenye simu zetu. Bibi hakuwekewa, maana simu yake ni kiswaswadu cha vitufe chenye tochi kichwani, na Idi alisema simu ile haina uwezo. Tuliruhusu kila kilichoombwa turuhusu: Nia ijue tunatumia programu zipi, Nia ionekane juu ya programu nyingine, Nia isizimwe simu inapobana matumizi ya betri, Nia iamke yenyewe simu ikiwashwa. Hili la mwisho Idi alilitaja kwa fahari. Alisema programu nyingi za aina hii zinashindwa kwa sababu mjanja anazima simu, akiiwasha anajikuta huru. Kwake mjanja hakuachiwa mwanya.

Tena akaongeza kitu alichokiita nia ya pamoja. Mmoja wa kundi akianza, wote wanafungwa, ili asiwepo wa kumtamanisha mwenzake. Utaweza kupokea simu ya mtu, ila kupiga huwezi, na meseji zitakusubiri.

Siku tatu za mwanzo zilikwenda vizuri, na kwa kuwa nyumba yetu haijazoea mambo kwenda vizuri, tulipaswa kushtuka. Niliandika kurasa nne. Salma alifika kwenye milinganyo. Tulifanya majaribio yote mchana, saa nne mpaka saa tano au saa nane mpaka saa tisa, na kufuli lilifunguka kwa dakika ileile.

Siku ya nne, Alhamisi, Mama Salma alifunga barafu 120 za ukwaju, akazipanga frizani saa kumi alasiri. Mita ya LUKU ikaanza kuonyesha taa nyekundu. Saa kumi na mbili akanipa shilingi 10,000 akasema, kwa maneno ambayo tangu siku ile ameyarudia mbele ya wageni, "Baba Salma, nunua umeme uingize sasa hivi."

Kununua nilinunua. Meseji yenye tarakimu 20 ikaingia. Nilikuwa nimeshafika kibarazani ilipo mita Nia ikaniita: *Leo bado hujaandika.* Ilikuwa saa moja kamili. Nikawaza, uniti zilizobaki zinatosha saa moja, na nikaogopa kwamba nikiahirisha mara moja mazoea yangu yatakatika. Nikaandika: kuanzia sasa hadi saa 2 usiku. Nikabonyeza. Ndani ya nyumba nikasikia Mama Salma anaguna na Salma anashangilia, maana simu zao nazo zimefunga na mwalimu wa hesabu alikuwa anatuma maswali kwenye kundi.

Saa moja na nusu umeme ukaisha.

Tarakimu zangu 20 zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya nia. Nikatazama kioo, nikidhani nimebakiza kama nusu saa tu ya kuvumilia. Kioo kikanijibu: *Tulia. Umebakiza saa 12 na dakika 27.*

Nikaizima simu, nikaiwasha. Kabla hata jina la mtandao halijatokea, Nia ilikuwa imeshaamka. Idi mwenyewe alikuwa Ubungo kwa rafiki yake anaangalia mpira, na simu yake ikiwa ndani ya kundi letu, naye kajifunga kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akampigia kwa kiswaswadu. Idi akapokea akasema, "Bibi, mwambie mjomba asiizime..." na hapo salio la Bibi likakatika.

Nikapata wazo. Nichomoe laini yangu niitie kwenye simu ya Bibi, pengine kuna namna ya kutumiwa tena zile tarakimu. Laini za siku hizi zimekuwa kama punje ya mchele. Ilinitoka vidoleni, ikadunda sakafuni, nikaisikia inatelezea upande wa friza. Nikaingiza mkono nyuma ya friza gizani, nikapapasa vumbi, waya, mfuniko wa chupa, waya tena. Sikuipata. Salma alinimulikia kwa tochi ya Bibi huku anacheka mpaka mwanga unatetemeka.

"Mnataka umeme au mnataka laini?" Bibi akauliza toka kwenye mkeka.

Akachukua kiswaswadu chake, akabonyeza nyota na namba, akachagua hiki, akachagua kile, bila miwani. Namba ya mita yetu anaijua kwa kichwa. Dakika moja baadaye akamsomea Salma tarakimu 20 za umeme wa shilingi 10,000, fedha yake mwenyewe ya kuwekewa na dada yangu. Taa zikawaka. Sote tukapiga makofi. Simu ile isiyo na uwezo ikarudishwa chini ya mto.

Kisa kingeishia hapo ningekuwa na heshima yangu mpaka leo. Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia jina langu likiitwa kwa ukamilifu wake, la kwangu, la baba na la babu. Mama Salma alikuwa amesimama mbele ya friza wazi, mifuko 120 ya ukwaju imelegea mikononi mwake kama samaki wa juzi. Taa ziliwaka usiku kucha, lakini katika kupapasa kwangu nyuma ya friza nilikuwa nimechomoa waya. Barafu 120 kwa shilingi 100 ni shilingi 12,000, na watoto wa shule hawanunui nia.

Idi alikuwa amerudi usiku wa manane, akakaa na karatasi mpaka akaona lilipo kosa. Alikuwa ameifundisha programu saa ya Kiswahili kwa kanuni moja: chukua saa uliyotajiwa, ongeza sita. Saa nne asubuhi inakuwa 10, saa nane mchana inakuwa 14, na mchana kutwa kanuni haikosei. Lakini saa mbili usiku ukiiongezea sita unapata 8, na kwa mashine 8 ni asubuhi. Ilipaswa kuongezwa kumi na nane. Saa moja niliyoianzia mimi ilisomwa kwenye saa ya simu yenyewe, kwa hiyo haikukosewa. Iliyokosewa ni ya kutokea. Mtoto wa Tanga, amezaliwa na kukulia ndani ya saa ya Kiswahili, akaikosea kwa sababu vitabu alivyojifunzia havijui kwamba saa huhesabiwa tangu kukicha, kisha upya tangu kuchwa.

Alisema anaweza kutufungulia simu kwa njia nyingine, kuziwasha kwa hali salama ambayo programu za kupakua hazifanyi kazi, ila akaomba tuache ifike saa mbili tuone. Tukaacha. Saa mbili kamili asubuhi, Mama Salma akiwa anamwaga ukwaju uani, simu zote nne zikalia pamoja: *Hongera! Umetulia kwa saa 13.*

Siku iliyofuata Idi alikaa mkekani na Bibi, daftari mkononi, akamuuliza kama mteja. Bibi alimjibu kwa swali. Hiyo simu ya mjomba wako ni ya nani? Idi akasema ya mjomba. Bibi akasema hapana. Humo muna umeme wa nyumba, muna fedha za kikoba za mke wa mjomba, muna mwalimu wa mtoto, na mimi nikiugua usiku ndiyo ya kumwitia dereva. Mjomba wako anaibeba tu.

Nimelifikiria jibu lile kuliko wachumi wote wa Yale. Yule wa mti na yule wa nyanya walimtengenezea mtu mwenye simu yake, chumba chake na mlango wake. Kwetu ukifunga simu ya mmoja umefunga jiko. Mwenye kutaka kutengeneza programu ya malengo aanze kwa kuuliza ni nani mwingine anaitegemea simu hiyo, ndipo aulize lengo.

Nia ya pili haifungi meseji wala fedha. Na saa Idi ameitoa kabisa. Alikumbuka jambo la mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer, aliyeandika mwaka 1999 kwamba mtu hushika lengo vizuri zaidi akilifunga kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Nyumba yetu imeishi hivyo siku zote, hakuna anayesema saa mbili na robo, tunasema tukishakula. Kwa hiyo mimi nimeandika: *vyombo vikishatolewa, naandika ukurasa mmoja.* Vikishatolewa, Bibi anakohoa. Hakuna programu niliyoiona yenye mlio ule.

Habari za ukoo zimefika ukurasa wa 31. Laini ilipatikana Jumapili ndani ya kiatu cha shule cha Salma. Bibi ananidai 10,000, Mama Salma 12,000, na kiti changu bado anakikalia Idi.