Bi Mkubwa Ana Kilo Mbili na Nusu

Majirani zangu wa Tabata, nisikilizeni: paka wangu simnyimi chakula. Anakula kuliko mimi. Asubuhi dagaa, mchana vichwa vya samaki kutoka Feri, jioni anakaa mbele ya sahani yangu na kunikodolea macho kama mtu ninayedaiwa naye. Na bado mbavu zinahesabika. Mama Salma wa nyumba ya pili keshatangaza bombani kwamba kwetu kuna njaa, "hata paka wao kaisha".

Usiku halali. Saa tisa anapanda dirishani na kuanza kulia kama mfiwa. Mke wangu alisema ni minyoo, shemeji akasema karogwa. Mimi nikasema ni uzee, maana ana miaka 14, na hata mimi siku hizi naamka usiku.

Daktari wa mifugo alikuja na buti zenye matope, akitokea kuchanja kuku wa mtu. Akampapasa shingo, akaganda. Akasikiliza moyo, jicho kwenye saa: mapigo 260 kwa dakika.

"Tezi ya shingo hii. Inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unachoma chakula chote. Mtapeleka damu maabara tuhakikishe."

"Mpeni chumvi yenye madini joto!" Mama Salma akadakia kutoka ng'ambo ya ukuta. Hatukuwa tumemwalika.

Daktari akacheka. Rovu tulilofundishwa shuleni linatokana na upungufu wa madini joto. Hili la paka ni tezi yenyewe imeota kivimbe, mara nyingi wala si saratani, kinachotoa homoni bila kuamriwa na mtu. Ugonjwa huu huwapata paka wazee, waliovuka miaka 10, na ulielezwa mara ya kwanza New York mwaka 1979. Yaani mnyama ambaye hajawahi hata kuvuka Barabara ya Mandela anaumwa ugonjwa wa New York, na bili naletewa mimi.

"Na mbwa je?" nikauliza kwa sauti, nikiuelekea ukuta. Simba wa Mama Salma ni mnene kama gunia, analala getini mchana kutwa, mkia umenyonyoka umebaki kama wa panya. Mwenyewe husema ni matunzo.

"Mbwa ni kinyume," daktari akasema. "Tezi yao ndiyo huzembea. Mara nyingi kinga ya mwili imeigeukia na kuila. Mbwa ananenepa, anapoa, manyoya yanapukutika."

Ng'ambo ya ukuta kukawa kimya. Sijawahi kufurahia ada ya daktari kiasi kile.

Majibu ya damu yakaja, ndiyo yenyewe. Kuna nchi paka anachomwa sindano moja ya madini joto yenye mionzi, kwisha habari. Sisi tumepewa vidonge, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Na dawa yenyewe, kabimazoli, ni ya watu, kwa hiyo nikaenda na cheti duka la dawa.

"Mgonjwa ni nani?"

"Bi Mkubwa." Ndilo jina lake, tulimwita hivyo tangu mdogo kwa ajili ya maringo.

"Pole sana, mzee. Ana uzito gani?"

"Kilo mbili na nusu."

Binti akavua miwani. Ikabidi niseme ana mkia, na foleni nzima ikageuka.

Kumpa sasa. Siku ya kwanza nilikificha kidonge ndani ya dagaa. Dagaa akaliwa, kidonge kikabaki sakafuni, kimerambwa kikatakata. Siku ya pili nilimfunga kwa kanga ya mke wangu, nikampanua taya, nikatupia, nikamshika mdomo, nikamsugua koo kama nilivyoelekezwa. Akameza. Akanitazama kwa adabu kabisa, akatembea hadi kwenye kapeti la sebuleni, akakitema.

Wiki ya tatu hii. Kaongeza gramu 200 na usiku analala. Asiyelala ni mimi, mikono inawasha kwa makucha.

Jana magharibi mtu kagonga mlango. Mama Salma, kajitanda ushungi hadi puani, sauti ya chini.

"Baba Rehema, eti hivi vidonge... unaviweka kwenye nini?"

Nikakunja mikono ya shati, nikamwonyesha.