Kwa Mwenye Mtaala: Shukrani Kutoka Kuresoi

Mheshimiwa Mwenye Mtaala,
Nairobi.

KUH: MTAALA UMEFAULU

Pokea salamu kutoka Kuresoi, huku ambako mwezi Julai ukungu huingia darasani kabla ya mwalimu wa zamu. Nasikia mna wasiwasi huko kwamba sisi walimu wa Nakuru tunaupinga mtaala wa umilisi. Uzushi mtupu. Nakuandikia kukupasha habari njema: umilisi umepatikana. Ila aliyeupata ni mwalimu mkuu. Wanafunzi bado wako kwenye foleni.

Chukua utatuzi wa matatizo, ambao umeuorodhesha kati ya umilisi saba wa kimsingi. Januari 2023, Gredi ya 7 ilipoletwa kwenye shule za msingi, nililala mwalimu mkuu wa msingi nikaamka nina sekondari uani. Serikali ilitangaza shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, nami nikatakiwa kuwa na maabara. Nikatatua. Maabara yetu ni kabati la mbao lenye kufuli, na hukaa ofisini mwangu kati ya faili za lishe na kombe la voliboli. Kipindi cha Sayansi Jumuishi kikifika, wavulana wanne hulibeba kama jeneza mpaka darasani, mwalimu akifuata nyuma na ufunguo. Ndani mna bika mbili, kopo la magadi, ndimu kadhaa na chupa za maji zilizokatwa shingo. Wiki ya asidi na besi tuliponda maua mekundu ya hapa shuleni, tukayachuja kwa kitambaa. Ndimu ikaufanya mchujo ule uwake wekundu, magadi yakaugeuza kijani. Watoto wakapiga makofi, na mimi, kusema kweli, nikapiga pia. Hapo ndipo mtaala wako unaponiudhi: ni mzuri, tena sana, hata ukipewa kabati tu.

Mwalimu aliyeendesha kipindi hicho alisomea Historia na Dini. Nadhani huo ndio umilisi mnaouita kujifunza namna ya kujifunza. Wenzake wengi waliingia kazini wakiwa wanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, enzi ambazo mtoto mmoja alikuwa na masomo 14, hadi mlipoyapunguza yakawa 9 mwaka wa 2024. Wana digrii, mimi niliajiriwa na cheti cha ualimu cha P1. Ndiyo maana walimu wa sekondari msingi nchini wanadai uongozi wao, mbali na wetu. Mbele yangu huniita "Mwalimu Mkuu". Nikigeuka, "mkuu wa chekechea". Siwalaumu. Ningekuwa wao, ningetafuta jina baya zaidi.

Umilisi wa ushirikiano pia umeshamiri, hasa baina yangu na wazazi wanaotaka kunipiga. Kwa kazi za wanafunzi nimewaagiza manila, gundi, sanamu ya kutisha ndege, na picha za mtoto akifua soksi. Mama mmoja alinijibu kwa upole: "Mwalimu, simu yangu ni ya kupiga tu. Njoo umwone akifua."

Halafu yakaja mambo ya Gredi ya 10 na njia zake tatu. Niliitisha baraza la wazazi kuwaeleza kuhusu sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Mzee mmoja akainuka: "Mtoto wangu aende shule kusomea mbio? Mbio si tunazaliwa nazo huku?" Sikuwa na jibu, na mwongozo haukuwa nalo pia. Mwaka wa 2025 mkasema Hisabati si lazima kwa kila mmoja katika sekondari ya juu, kisha mwaka huo huo, baada ya makelele, mkairudisha. Huku kwetu waliosikitika iliporudi ni madalali wa viazi peke yao. Mtoto asiyejua hesabu hawezi kuiona lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, hata ikimwangukia mguuni.

Kwa hiyo usitubadilishie mtaala, Mheshimiwa. Tulioanza kazi na 8-4-4 tumechoka kuzika mitaala. Jina lenyewe mmeshaligeuza, CBC ikawa CBE, nami sijamaliza kulipia muhuri wa kwanza. Tuachie huu huu. Tuletee tu mwalimu aliyesomea kemia, na bomba la maji lifike karibu na kabati. Ukipita kuelekea Kericho, kata kona Molo uje utuone. Mvua ikiwa imenyesha, gari liache kwenye lami. Wale wavulana wanne watakuja kukuchukua.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mkuu (msingi, sekondari msingi, na kaimu chekechea)

Nakala: Mwenyekiti wa bodi, aliyeniomba nisiiandike barua hii.