Nipimie Mchere

Kaptembwo, mtaani Nakuru, ukiomba "mchere" badala ya mchele dukani, kibanda kizima kinaangua kicheko: umeshrabu, lafudhi ya kwenu imekuponyoka! Anayecheka zaidi ni konda aliyetoka kuita "papa, ingia, kiti ni kimoja" akimaanisha baba, akifuatwa na mama wa omena anayeuza kikombe kwa "silingi hamsini". Kila mmoja ana sikio kali kwa ulimi wa jirani. Wa kwake hausikii.

Sasa tazama. Kuna kijana wa mtaa huu, hajavuka Naivasha, lakini anaviringisha ulimi kama mzaliwa wa Atlanta. Hiyo si kushrabu, hiyo ni tweng, na mwenye tweng anaitwa bosi, hata kama anakopa unga. Na mzungu akipita akatamka "jambow", tunampigia makofi: jamani, anajua Kiswahili!

Yaani lafudhi ya ng'ambo ni cheo, ya kwa nyanya ni kichekesho. Nakuru nayo ilipewa cheo chake, hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021. Ndimi zetu hazikuandikwa kwenye hati ya hadhi hiyo.

Basi muuza duka, ukimaliza kucheka, nipimie huo mchere. Nusu kilo.