Viwanja Vinane vya Gofu Visivyouliza Baba Yako Ni Nani

Wanagofu wa kwetu tunalijua swali la getini: "Wewe ni mgeni wa nani?" Hujashusha begi, hujafunga kamba za viatu, tayari unatakiwa kutaja jamaa mwenye kadi ya uanachama. Swali hilo linaniudhi, na ndilo lililonifanya niandike orodha hii. Viwanja vifuatavyo havikuulizi ukoo. Karibu vyote ni mali ya mji, kaunti, jimbo au taifa. Unalipa ada ya siku, unapewa saa yako, unapiga. Nimevipanga kuanzia cha mwisho hadi cha kwanza. Anayebisha na aje na fimbo zake, tuamulie uwanjani.

8. Chambers Bay, jimbo la Washington

Hapa palikuwa machimbo ya mchanga na kokoto. Kaunti ya Pierce ikayageuza kiwanja kilichofunguliwa 2007, na miaka minane baadaye US Open ikachezwa humo, Jordan Spieth akaibeba. Mti ni mmoja tu uwanjani kote. Ukiugonga, usiseme ni bahati mbaya. Sema mlikuwa na miadi. Maji ya Puget Sound yako chini yako, treni inapita kando, na vilima havina huruma na magoti. Nafasi ya nane inakitosha.

7. Torrey Pines, San Diego

Mji wa San Diego unamiliki viwanja viwili juu ya majabali ya Pasifiki, mahali palipokuwa kambi ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Cha kusini ndicho kigumu. Hapo ndipo Tiger Woods alipotwaa US Open ya 2008 akiwa na mfupa wa mguu wa kushoto wenye nyufa na kano ya goti iliyokatika. Alitoka sare na Rocco Mediate, wakarudi Jumatatu kucheza mashimo 18 mengine, wakatoka sare tena, ikabidi waongeze moja. Jumla mashimo 91 kwa mguu mmoja na nusu. Kwa hiyo ukicheza nami, tafadhali usiniambie kiatu kinakubana.

Kilichonifurahisha zaidi ni nyasi. Ni kikuyu ileile ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na huko California inameza mipira ya watu mchana kweupe. Mmarekani mmoja niliyecheza naye aliilaani tangu shimo la pili hadi la kumi. Nikamweleza kwamba kwetu nyasi hiyo tunalisha ng'ombe, na ng'ombe hawajawahi kulalamika.

Jirani na kiwanja kuna mahali watu wanapojirusha na miavuli ya kuelea juu ya bahari. Fahamu basi kwamba ukitaka kuusogeza mpira kwa ncha ya kiatu, mashahidi wako juu yako wananing'inia. Mkaazi wa San Diego analipa kidogo sana kuliko mgeni, na sina kinyongo: mwenye mali ni yeye.

6. Golf Park, Ngong Racecourse, Nairobi

Hiki ardhi yake si ya mji, lakini mlango wake uko wazi, na Nairobi mlango ulio wazi ni wa kuheshimiwa. Unacheza kwenye uwanja wa mbio za farasi, kando ya Barabara ya Ngong, na utakutana na watu ambao ndiyo kwanza wanashika fimbo: vijana wa ofisini, wanafunzi, mama aliyemleta binti yake. Kedi wangu alinitazama nikivuta fimbo nambari sita, akatikisa kichwa. "Mkubwa, chukua saba. Huo upepo uko upande wako, usiufanyie fujo." Akaniachia saba mkononi kabla sijajibu. Mpira ukatua alipouonyesha kwa kidole.

Kedi wa Kenya angelipwa kama wakili, tungekuwa tumetenda haki. Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wakubwa tuliowahi kuwa nao, alianza kwa kubeba mabegi.

5. Van Cortlandt Park, Bronx, New York

Kiwanja cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani, kilichofunguliwa 1895. Unapanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, hadi kituo cha mwisho, unatoka na begi begani, unatembea bustanini hadi klabuni. Ndani ya behewa hakuna aliyenishangaa. Mzee aliyekaa mbele yangu alisogeza miguu fimbo zipite, akarudi kwenye gazeti lake.

Kiwanja chenyewe? Sehemu zina nyasi, sehemu zina matumaini. Barabara kuu inaunguruma pembeni wakati unalenga shimo. Lakini nionyeshe pengine ambapo nauli ya treni na begi la fimbo vinatosha kukufanya mwanagofu.

4. Musselburgh Links, Uskoti

Mashimo tisa tu, mwendo mfupi mashariki ya Edinburgh, na tena yako katikati ya uwanja wa mbio za farasi. Siku ya mbio, gofu inakaa kando. Kumbukumbu za gofu hapa zinarudi hadi 1672, na The Open ilichezwa hapa mara sita kati ya 1874 na 1889. Hata upana wa shimo tunalolihangaikia sote, inchi nne na robo, ulitokana na kifaa cha kuchimbia mashimo kilichotumika hapa tangu 1829. Kwa hiyo kila mpira uliozunguka ukingo wa shimo ukatoka nje, duniani kote, peleka malalamiko yako Musselburgh.

Unaweza kukodi fimbo za mti wa hikori, za mtindo wa kale. Ukiupiga mpira katikati, mkono unasikia utamu. Ukiupiga pembeni, taarifa inakufikia hadi kiwikoni. Mwenzangu mmoja alipiga vibaya, mpira ukagonga ukingo mweupe wa njia ya farasi, ukaruka, ukatua kwenye grini. Nilimwambia amnunulie farasi karoti.

Na jambo moja linalonipa raha kulisimulia. Mwaka 1811 wana-klabu wa hapa walitoa zawadi kwa mwanamke mchuuzi wa samaki atakayeshinda kucheza gofu siku ya Mwaka Mpya, na mojawapo ya zawadi ilikuwa kapu jipya la samaki. Wanawake waliobeba samaki mgongoni walikuwa wanacheza gofu kabla ya mabwana wengi wenye suti kujua fimbo inashikwa upande gani. Mama zetu wa feri ya Kigamboni na wa Likoni, mnasikia? Nafasi yenu iko wazi.

3. Langston, Washington D.C.

Hapa utani naupunguza, kwa sababu nakipenda kiwanja hiki kwa moyo wote.

Miaka ya 1930, mchezaji mweusi katika mji mkuu wa Marekani hakuruhusiwa kucheza popote alipotaka. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kiliweka kwenye katiba yake kifungu cha wazungu pekee mwaka 1934, na kikakifuta 1961 tu. Wanagofu weusi wa Washington, wakiwemo wanawake wa klabu ya Wake-Robin iliyoanzishwa 1937, wakaibana serikali iwape kiwanja. Langston kikafunguliwa 1939 kikiwa na mashimo tisa, kando ya mto Anacostia, na mwaka 1955 kikafika 18. Kimepewa jina la John Mercer Langston, mwanasheria, mtu mweusi wa kwanza kuiwakilisha Virginia katika Bunge la Marekani.

Nyasi zake si za kwenye televisheni. Watu wake ndio utajiri. Nilipewa wachezaji watatu wa kucheza nao, wazee wastaafu, na tangu tii ya kwanza ni kelele tupu. Mmoja akipiga mbali, mwenzake anamuuliza kama mpira ulikuwa na deni. Mwingine akikosa kuutumbukiza mpira kutoka futi mbili, wote wanavua kofia kwa heshima ya marehemu. Nilijihisi niko kijiweni kwenye bao, watu wanachekana bila kuumizana. Waliponiuliza natoka wapi nikasema Kenya, mkubwa wao akatangaza kwamba basi leo hakuna kutembea, ni kukimbia.

Klabu nyingi za Afrika Mashariki zilijengwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe, na Mwafrika aliingia akiwa na begi la mtu mwingine begani. Ndiyo maana hadithi ya Langston haihitaji kutafsiriwa kwetu. Wale walidai kiwanja, wakakipata, na hadi leo wamekaa juu yake wakicheka.

2. Bethpage Black, Farmingdale, New York

Ni bustani ya jimbo. Inayo viwanja vitano, kila kimoja na rangi yake: nyeusi, nyekundu, bluu, kijani na manjano. Cheusi kilifunguliwa 1936, na mchoraji mashuhuri wa viwanja A. W. Tillinghast ana mkono wake humo. Kwenye uzio nyuma ya tii ya kwanza kuna kibao kinachoonya kwamba kiwanja hiki ni kigumu kupindukia na kinafaa wachezaji stadi pekee. Watu wote wanapiga picha na kibao, kisha wote wanaingia. Sijawahi kuona onyo linalovuta wateja namna hiyo.

Na halitanii. Vigari haviruhusiwi, ni miguu yako na begi lako. Mabanka ya mchanga yana kina cha kumficha mtu mzima. Nyasi za pembeni zinashika fimbo shingoni, na shimo la 15 linapanda kilima hadi grini iliyokaa juu kama kuku anayeatamia. Mwaka 2002 US Open ilichezwa hapa, mara ya kwanza kwenye kiwanja kinachomilikiwa na kuendeshwa na umma, na katika mashujaa wote wa dunia ni Tiger Woods peke yake aliyemaliza chini ya pa. Septemba 2025 Ulaya iliwafunga Wamarekani Ryder Cup papa hapa, 15 kwa 13, mbele ya mashabiki wa New York ambao hawana sauti ndogo.

Lakini cha kuonekana kweli ni maegesho ya magari usiku. Watu wanakuja jioni, wanaegesha kwenye nafasi zenye namba, wanalala garini ili alfajiri wapate saa ya kucheza. Fundi bomba kajikunja kwenye kiti cha mbele, daktari kajikunja kwenye gari la pili, na namba ya fundi iko mbele. Daktari anasubiri. Foleni yenye haki inapendeza kuitazama, na jimbo la New York limeilinda foleni hii hata baada ya kiwanja kuwa maarufu na kuweza kuuzwa kwa bei ya dhahabu.

1. Old Course, St Andrews, Uskoti

Mlijua. Na bado narudia: kiwanja mashuhuri kuliko vyote duniani ni cha umma. Jumba lile kubwa la mawe nyuma ya tii ya kwanza ni la klabu, ndiyo, ila uwanja si wao. Unaendeshwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974, na haki ya watu wa mji kuitumia ardhi hii iliandikwa tangu 1552. Nafasi nyingi hutolewa kwa bahati nasibu. Humo bilionea na mwalimu wa shule majina yao yanachanganywa pamoja.

Kwenye shimo la kwanza na la 18 kuna njia ya watu inayokatiza uwanja. Nilikuwa nimekwisha kusimama juu ya mpira, mama mmoja akatokea akisukuma mtoto kwenye kigari. Kila mtu akasimama. Akapita taratibu, akamrekebisha mtoto kofia, akaendelea kuelekea ufukweni. Hakuomba radhi na hakupaswa kuomba. Mtoto peke yake ndiye aliyeonekana kuwa na maoni kuhusu jinsi nilivyosimama.

Grini saba zinatumiwa na mashimo mawili mawili, na ukijumlisha namba za kila jozi unapata 18. Shimo la 17 linakutaka upige mpira juu ya vibanda vya hoteli, ukiamini yaliyo ng'ambo bila kuyaona. Nyuma ya grini yake kuna barabara, na nyuma ya barabara kuna ukuta. Mpira ukifika barabarani unauchezea hapo hapo; lami haina msamaha. Na Jumapili hakuna gofu kabisa, isipokuwa mashindano makubwa yakiwapo. Siku hiyo uwanja ni wa familia, mbwa na vikapu vya chakula.

Hayo yote yalikaribia kupotea. Mwishoni mwa karne ya 18 baraza la mji lilifilisika, likauza ardhi hii, ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara waliofuga sungura. Sungura wakachimba uwanja mzima. Watu wa mji waliwapiga vita mahakamani na uwanjani kwa miaka ishirini, hadi 1821 bwana mmoja wa jirani, James Cheape, alipoinunua ardhi ili gofu ibaki.

Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Mombasa: hatuhitaji mashimo 18 wala majumba ya mawe. Musselburgh ina tisa na historia ya kutosha nchi nzima. Madiwani mnaosoma hapa, tengeni ardhi ya mashimo tisa, wekeni bei ya watoto, waajirini makedi wetu wawe walimu, na hatimiliki iandikwe kwa jina la mji kabla sungura hawajafika.