Saa ya Mnyororo

Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, ikipitia Mikese, na saa ya mfukoni ikawa sheria ya stesheni: itie ufunguo kila siku, usiikaze kupita kiasi, iepushe na vumbi. Kule Kipton, Marekani, mwaka 1891, yasemekana saa ya dereva ilisimama dakika 4 tu. Treni mbili zikagongana.

Wenye haraka, hao watu wa reli. Mzee wetu wa Mikese huichomoa yake kwenye kizibao, hufungua kifuniko, tak!, huikazia macho, kisha hutazama jua. “Saa nne na nusu.”

“Babu, mbona mishale inasema sita?”

“Hii ni ya treni, mjukuu wangu. Na treni haijafika.”