Enkoda: Mjuzi wa Hatua, Mjinga wa Mahali

Enkoda ya mwanga hupima mzunguko wa mota kwa kuhesabu. Kisahani chenye mistari myembamba huzunguka kati ya taa ndogo na vipokea mwanga viwili. Kila mwanga unapokatizwa au kurudi, hesabu hubadilika. Mawimbi ya vipokezi hivyo hupishana kwa nyuzi 90, hivyo kinachotangulia hufichua mota inazungukia upande gani. Kisahani cha mistari 600 hutoa hesabu 2,400 kwa mzunguko, yaani nyuzi 0.15 kwa kila hesabu: usahihi wa kujivunia kwa kiti cha gari bovu kilichofungiwa mota za waipa ili mwenye nyumba ashinde mbio za magari bila kutoka sebuleni.

Mafundi wa viti kama hicho, yaani simuleta za nyumbani, huikimbilia enkoda baada ya kuchoshwa na potenshiomita, kipimo kingine cha mzunguko ambacho husuguana ndani hadi kikalika na kutoa vipimo vya kubabaika. Enkoda haina msuguano huo. Ila ile ya kawaida hujua imesogea kiasi gani, haijui ilipo. Umeme ukikatika husahau yote, na kiti kilichoinama hutangazwa rasmi kuwa kimenyooka. Ndiyo maana kila simuleta inapowashwa, kiti husogezwa polepole hadi kiguse swichi ya kikomo, hesabu ianzie hapo. Anayeiona swichi hiyo kuwa gharama isiyo ya lazima hukijua kikomo kwa paji la uso, likishafika kwenye usukani.